Jogoo wa Bwana Afya na Nyumba Namba Tisa

Nyumba namba tisa ilitugharimu jogoo mmoja, gunia la maharage, mlango wa jikoni, na bibi yangu kununa wiki nzima bila kusema na mama. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jibu ni hilohilo. Na nyumba yenyewe hatukuipata, aliipata jirani. Nikiwasimulia wateja wangu hapa sokoni Katesh huku nikiwapimia vitunguu saumu, wengi husema tulipunjwa. Mimi nimeuza na kununua tangu meno yangu yakiwa yote mdomoni, namjua mtu aliyepunjwa hata akitembea kwa mbali, na ninasema hapana. Faida niliyoipata mwaka ule sijaipata tena kwenye vitunguu, wala kwenye maharage, wala kwenye ule mwaka wa ukame nilipokuwa peke yangu sokoni mwenye mahindi makavu.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Mama Zubeda, huyo jirani mwenyewe. Alikufa mzee, kitandani kwake, baada ya kulalamika kwamba chai ina sukari kidogo. Kifo cha namna hiyo hata mimi ningekinunua. Pale msibani mzee mmoja aliyepewa kazi ya kusema habari za marehemu alimfuata Zubeda, binti yake, akamuuliza kwa sauti ya chini marehemu ameacha watoto wangapi. Zubeda akasema, "Watano." Mzee akageuza macho kumtafuta Hamisi, mdogo wake Zubeda, maana mtaa mzima unajua kwamba Mama Zubeda alizaa wawili tu. "Watano, binti yangu?" Zubeda akanyoosha mkono kuelekea kwenye mkeka tuliokaa sisi, watu wa vijiji vya Daudi na Endasak, mimi nikiwa na rozari yangu shingoni, binamu zangu Martini na Elia wameshika kofia zao. "Na wale watatu," akasema. Mzee alitutazama, akaitazama rozari, akakohoa. Ili hesabu ile ieleweke, inabidi nirudi kwenye kota.

Kota za halmashauri zilikuwa chini kidogo ya barabara, safu mbili za nyumba zenye mabati mekundu, na juu yake mlima Hanang umekaa kama mtu asiyekuwa na haraka. Upepo ukishuka kutoka kule asubuhi, hata maji ya kunawa yalionekana kujuta. Nyumba zilijengwa mbili mbili, zinagawana ukuta mmoja, kila upande vyumba viwili, na jikoni ni kibanda cha nje. Dari halikuwepo, ukuta uliishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo maneno ya upande mmoja yalipita juu na kushukia upande wa pili bila kubisha hodi. Sisi tulijua Mzee Ramadhani, mume wa Mama Zubeda na dereva wa lori la halmashauri, anapenda pilau yenye viazi vingi. Wao walijua baba yangu, bwana mifugo, anaongea na ng'ombe usingizini. Mama Zubeda alikuwa akiuliza kutoka upande wake, "Mama Paska, amepona yule ndama?" na mama anajibu, "Bado, jana amekataa dawa."

Katika vyumba vyetu viwili tulikuwa baba, mama, mimi, mdogo wangu Danieli aliyekuwa na miaka minane, na Agnesi aliyekuwa bado ananyonya. Halafu Martini na Elia, watoto wa baba mdogo, waliokuja kutoka Endasak kusoma kwa sababu shule ya kwao walikuwa wakifika wamechoka kuliko waliotoka kulima. Mwishoni akaja bibi kutoka Daudi, kifua kikimsumbua, na daktari akataka amwone kila mwezi. Bibi alilala kitandani kwangu. Mimi nililala chini kati ya meza na gunia la mahindi, na nilijua upande upi wa gunia una joto. Mama alipopika makande tulikula kwa zamu mbili, kwa sababu viti vilikuwa vinne na sinia lilikuwa moja. Waliosubiri zamu ya pili walisimama nyuma ya waliokula na kuwahesabia matonge. Huko ndiko nilikojifunza kuhesabu mara mbili.

Halmashauri ilikuwa na kanuni. Kila chumba watu wazima wawili, mtoto wa chini ya miaka kumi ni nusu mtu, na mtoto mchanga hahesabiwi kabisa. Nyumba iliyozidi, mwenyewe aombe kubwa zaidi, na kama kubwa haipo au hakupewa, basi apunguze watu. Namba tisa ilibaki wazi mwezi wa kumi, aliyekuwa akikaa humo alipohamishiwa Babati: vyumba vitatu, sebule iliyohesabiwa chumba cha nne, na bomba lake lenyewe uani. Kota nzima iliomba. Baba aliomba kwa haki, tulikuwa sita na nusu mahali pa watu wanne. Mzee Ramadhani naye akaomba, ingawa kwao walikuwa watatu na nusu na nafasi ilibaki. Alisema kuomba ni bure.

Kwangu halikuwa jambo la bure. Mwaka ule nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, sekondari ya kutwa, hapohapo Katesh. Jioni moja nikiwa nachambua mchicha nilimsikia baba akimwambia mama, "Mama mzazi simrudishi Daudi akiwa na kifua kile. Watoto wa mdogo wangu nimeshawapokea, siwezi kuwarudisha kama debe la mtu. Tukikosa nyumba, Paska ataenda Masakta kwa shangazi." Mama akauliza, "Na shule?" Baba akasema, "Shule haina miguu, itakuwepo." Shangazi yangu wa Masakta alikuwa mtu mwema mwenye watoto sita na shamba kubwa, na kwake hakuna aliyewahi kuonekana ameshika kitabu zaidi ya cha nyimbo. Nikaelewa. Wengine wote walikuwa na sababu ya kubaki, na mimi ndiye nilikuwa chenji.

Tukaambiwa siku tatu kabla kwamba Bwana Afya atapita kukagua walioomba. Na hapa ndipo mama na bibi, wanawake wawili ambao siku nyingine hawakukubaliana hata juu ya chumvi, walikubaliana kabisa. Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye fujo. Padri akija kwa ajili ya jumuiya, watoto wanatolewa, matandiko yanafichwa, viti vinaazimwa, kuku anachinjwa. Bwana Afya alikuwa mgeni, tena wa serikali. "Akikuta vumbi na nepi," mama alisema, "atasema watu hawa nyumba nzuri wataichafua." Bibi akaongeza kwamba mtu anayepewa kikubwa ni yule aliyetunza kidogo. Maneno yao yalikuwa na akili, na hata leo siwacheki sana. Baba alikuwa ameondoka na baiskeli kwenda kwenye josho la Endasak, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwauliza kinachokaguliwa ni nini.

Asubuhi ya ukaguzi tulihamisha nyumba. Magodoro yalipelekwa nyuma ya jikoni na kufunikwa turubai. Magunia yakasukumwa chini ya kitanda. Martini, Elia na Danieli wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, wakapelekwa kwa Mama Zubeda na amri ya kutotoa pua nje. Agnesi akafungwa mgongoni kwa mke wa mwalimu, nyumba ya tatu. Tukaazima viti vyote vya Mama Zubeda, vikombe vyake vya maua na kitambaa chake cha meza. Mama Zubeda mwenyewe alivileta akicheka, "Mkitaka na mume wangu mchukueni, anakaa vizuri kwenye kona." Jogoo aliyechinjwa alikuwa yule mwekundu aliyekuwa akituamsha, na bibi alimwombea kwanza. Tulipomaliza, nilisimama mlangoni nikashangaa. Sijawahi kuona nyumba yetu ina sakafu kubwa vile.

Bwana Afya alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia, na alipoonja mchuzi alivua kofia. Nilimnawisha mikono, nikashika beseni, nikamwagia maji ya vuguvugu, "Shikamoo," "Marahaba, binti," na hakunitazama hata mara moja. Msichana anayemnawisha mgeni haonekani, ni sehemu ya birika. Alikula paja, akala kifua, akaangalia huku na huku. "Mama, nyumba yenu ina hewa," akasema. "Ina nafasi. Hapa mnalala wangapi?"

Mama alifungua mdomo. Bibi akawahi. "Baba," alisema, na sauti yake ya Daudi ilikuwa nzito kwenye kila neno, "watu hawahesabiwi. Kuhesabu watu ni kuwaitia balaa. Sisi tupo, Mungu anatujua."

"Lakini bibi, mimi nimetumwa kuhesabu."

"Basi hesabu viti."

Bwana Afya akacheka, akahesabu viti kweli, vinane, vinne vikiwa vya jirani. Mama hakuweza kumpinga mama mkwe mbele ya mgeni, akabaki anakunja kanga. Mgeni akaandika kitu, akashukuru, akatoka kwenda upande wa pili kubisha kwa Mama Zubeda.

Mama akanipa vikombe nirudishe. Nilipoingia kwa Mama Zubeda nilimkuta Bwana Afya amesimama, kwa sababu viti vyote vilikuwa kwetu, na chini hapakuwa na pa kukanyaga. Martini, Elia, Danieli, Hamisi na Zubeda walikuwa wamekaa mkekani kama maharage kwenye ungo, wote wanang'aa mafuta. Mzee Ramadhani alikuwa amebanwa dirishani. Bwana Afya alinitazama nikiingia na vikombe, mkono uleule uliomnawisha dakika chache nyuma, akaninyooshea kalamu. "Na huyu?" Halafu akazungusha kalamu juu ya vichwa vyote. "Mama, hawa wote ni wa hapa?"

Mama Zubeda alitutazama mmoja mmoja. Danieli alikuwa amemshika pindo la kanga. "Wote wangu," akasema.

Kwa hiyo wiki mbili baadaye namba tisa ikaenda kwa Mzee Ramadhani mwenye familia ya watu saba, na baba yangu akaambiwa kwamba nyumba yake ina hewa. Aliporudi kutoka ofisini hakupiga kelele, alikaa kwenye kile kiti chetu kibovu, akauliza, "Nani aliyechinja jogoo?" Kesho yake mama alikwenda ofisini mwenyewe kueleza ukweli. Aliporudi alirudia mbele ya bibi yote aliyoyasema kule, kwamba tuko sita na nusu, nusu ni Danieli. Bibi akasimama. "Mjukuu wangu nusu? Umesimama mbele ya watu ukasema mtoto wangu nusu?" Ndipo akanuna ile wiki nzima, chumvi akiomba kwa kupitia kwangu hata mama akiwa amekaa naye goti kwa goti. Na huko ofisini ukweli wa mama ulizaa jambo moja tu: sasa walijua tumezidi, na namba tisa imeshatolewa, kwa hiyo tupunguze watu kabla ya mwaka mpya. Mama alianza kukunja nguo zangu. Aliikunja sketi ya shule, akaikunjua, akaikunja tena.

Mimi nililia siku moja. Siku ya pili nilianza kufikiri, na nilifikiri kama ninavyofikiri sasa ninapomwona mteja anashika mzigo bila kuuachia: nani kati yetu anamhitaji mwenzake zaidi? Nikavuka ua hadi namba tisa. Mama Zubeda alikuwa anafagia nyumba ile kubwa, vyumba vinaitika, na aliponiona akaacha ufagio. Alikuwa amekonda uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Paska. Hata mama yako hanisemeshi."

"Ana haya tu. Kwa nini ulisema wote wako?"

Akakaa kwenye ngazi. "Ungetaka niseme nini? Hawa si wangu? Mbele yao? Mtoto ameshika kanga yangu, nimwambie mtu wa serikali huyu simjui?" Akafuta jasho. "Mimi nilidhani anauliza kama watoto wana adabu. Mume wangu anataka turudishe funguo. Anasema watu watatuita wezi."

"Msirudishe," nikasema. "Mkirudisha watapewa wengine, na mimi bado nitaenda Masakta. Bwana Afya ameandika watu saba. Akirudi kuhesabu, utamwonyesha nani?"

Mama Zubeda akasogea kwenye ngazi kunipisha nafasi. "Endelea."

"Utuchukue. Mimi, Martini na Elia. Tulale hapa. Kwetu watabaki watatu na nusu, kwako mtakuwa sita na nusu, na kila mtu atakuwa amesema kweli. Danieli abaki na bibi, bibi hatakubali nusu yake iondoke."

Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akasema kitu ambacho sikukisahau: "Mtoto huyu wangempeleka Masakta akalime?"

Jioni wazazi wa pande zote walikaa kwetu, na nikaona soko ambalo sijaliona tena, soko linalokwenda kinyume. Mama alisema watoto wake hawatalishwa bure, atatoa magunia mawili ya maharage. Mama Zubeda akasema hataki hata kikombe. Mama akasema basi gunia moja na nusu. Mama Zubeda akasema debe, na hilo ni kwa ajili ya kumheshimu. Muuzaji anashusha, mnunuzi anapandisha, na wote wawili wamekasirika. Waliishia kwenye gunia moja. Baba hakuridhika. Namba tisa jikoni hapakuwa na mlango, mbwa waliingia watakavyo, naye alikuwa na mlango wa jikoni alioutengenezesha kwa fundi kwa fedha yake, mbao ngumu, bawaba tatu. Akaung'oa kesho yake, akaubeba kichwani kupita katikati ya kota, na mama akapika mwaka mzima nyuma ya pazia la gunia. Bibi ndiye aliyefunga mazungumzo. Alimwuliza Mama Zubeda, "Utawahesabu?" Mama Zubeda akasema, "Wakati wa kugawa nyama tu, bibi." Bibi akakubali, na usiku huo akamwomba mama chumvi yeye mwenyewe.

Mwaka ule nililala kitanda kimoja na Zubeda, chumba chenye dirisha la mlimani, na asubuhi nilivaa sketi yangu nikaenda shule nikiwa nimekunywa chai ya tangawizi. Wakati wa mfungo tulikula futari nao, uji wa pilipili manga na viazi vitamu, na sisi hatukufunga lakini tulisubiri, kwa sababu Mama Zubeda alisema tumbo linalokula mbele ya wenzake halishibi. Krismasi yeye alikuja kwetu na sinia la chapati, akakaa karibu na bibi wakibishana kuhusu ugoro. Kwake pia dari halikuwepo. Siku moja, tukisoma na Zubeda kabla ya chakula, tulimsikia Mzee Ramadhani chumbani akiuliza, "Hawa watoto wa watu watakaa mpaka lini?" Hakuwa na hasira, aliuliza kama anavyouliza mafuta ya lori. Mama Zubeda akajibu, "Mpaka wakue." "Na wakikua?" "Basi tutatafuta pa kuwalaza wajukuu." Zubeda alinikanyaga mguu chini ya meza. Mimi nikajifanya nasoma jiografia.

Bwana Afya alirudi mara moja. Alikuta kwetu kuna nafasi na kwa Mama Zubeda tupo wote tulioandikwa, kasoro nusu. Alinitazama sana safari hii. "Wewe binti, nilikuona wapi?" Nikamwambia, "Hapa hapa, mzee." Akautazama mlango wa jikoni, akatazama pazia la gunia upande wa pili wa ua, akavaa kofia yake. "Kota hii watu wanaishi kwa kanuni," akasema, akaondoka bila kuandika. Sisi tulikaa kule hadi nilipomaliza kidato cha nne, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kukimaliza.

Basi turudi msibani. Yule mzee alisimama akasema marehemu ameacha watoto watano, na kutoka nyuma ikasikika sauti nene ya Danieli, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu wawili: "Na nusu, mzee! Mimi nilihesabiwa nusu!" Watu wa Daudi walicheka, watu wa Katesh wakacheka, Zubeda akacheka huku analia, na mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akarekebisha.

Wiki hii Zubeda amenipigia simu kutoka Babati, anakokaa kwenye chumba cha kupanga tangu wanawe waoe. Kota zinavunjwa. Amekwenda na fundi akaung'oa mlango wetu wa jikoni kabla tingatinga halijafika, bawaba tatu zote zipo. "Nitajie bei yake," akasema. "Sitaki mama alale na deni lenu." Nikataja bei ya kijinga ili tuanze, na yeye akakubali palepale, jambo lililoniudhi sana. Mimi nyumba yangu ina vyumba vinne na ninalala kimoja. Cha nyuma, kinachotazama mlima, sijawahi kukitia mlango kwa sababu hakijawahi kuwa na mtu. Nikamwambia alete mlango, na aje nao. Halafu akasema atakuja, ila kodi atalipa. Nikasema sipokei kodi. Akasema basi kila mavuno gunia la maharage, zima, na nisimshushe, kwa sababu anajua bei yake tangu mwaka ule.

Sasa nimekaa hapa nimemkumbuka mama yangu na mama yake siku ile, na mimi niko upande wa Mama Zubeda, sijazoea upande huo. Nawe uliyesoma hadi hapa, na ambaye huenda unajua kupatana kuliko mimi, naomba ushauri. Niling'ang'anie debe, au nimwachie gunia lake apate usingizi? Unijibu kabla ya Jumamosi. Fundi wa bawaba nimeshampa nafasi, na Zubeda anakuja na gari la saa nne.